Mazoezi Bila Mpira

Kila mtu mjini Hadley alijua namna ya kuwazuia wachezaji wa Saint Wendel, isipokuwa yule mmoja aliyepewa kazi hiyo. Mwoka mikate alijua. Mchungaji alijua. Mama mkwe wa Delbert Hruska, aliyelala nyumba ya wazee na ambaye siku nyingine hakulikumbuka hata jina la binti yake, alijua vizuri kabisa, na kila Jumapili alimshika mkwewe mkono akamwambia, "Wabaneni katikati, Delbert. Katikati!"

Delbert alikuwa amechoka. Mchana alitengeneza mitambo ya kumwagilia mahindi, ile mirefu yenye magurudumu inayolizunguka shamba kutwa kucha, na jioni aliwafundisha ulinzi vijana wa shule yetu ya sekondari. Kazi hiyo aliianza nywele zake zikiwa nyeusi. Katika muda wote huo timu zote za upande huu wa Nebraska amewahi kuzizuia, hii mwaka huu, ile mwaka ule. Saint Wendel hajawazuia hata mara moja.

Na vuli hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mashamba yamekuwa makubwa, watoto wamekuwa wachache, na bodi ilikuwa imeamua kwamba mwakani Hadley na Saint Wendel watakuwa shule moja, timu moja, jezi moja yenye rangi ambayo sijaonana na mtu anayeipenda. Kwa hiyo katika mechi ya Ijumaa ile ama Delbert awazuie, ama aende kaburini akiwa mtu ambaye hakuwazuia kamwe. Hakuna aliyemwambia hivyo usoni. Walimwambia mengine yote.

"Mbona ni jambo dogo, Del," alisema Norris Kolar, mkulima wa ngano, Jumatatu asubuhi katika mkahawa wa Marlys. "Weka watu tisa mbele."

"Niliweka tisa mwaka juzi."

"Basi weka kumi."

"Niliweka kumi mwaka jana, Norris. Wakapita pembeni wakaenda zao mpaka mwisho bila kuguswa na mtu. Ulikuwepo. Ulinizomea."

"Sikukuzomea wewe. Niliizomea hali."

Delbert aliacha kahawa yake nusu akaondoka.

Tusimlaumu bure, kitu chenyewe kinaudhi. Mpira wetu sisi una ncha mbili na hubebwa kwapani, na timu hupewa majaribio manne ya kusogea hatua kumi. Ikifika, hupewa manne mengine. Timu za siku hizi hutawanya watu wao uwanja mzima na kuurusha mpira mbali, watazamaji wakasimama na kupiga kelele. Saint Wendel hawarushi. Kocha wao, mzee Leonard Tegtmeier, aliamua zamani kwamba kurusha ni kucheza kamari. Akawabana vijana wake pamoja, mguu kwa mguu, bega kwa bega, bawa moja kulia na bawa moja kushoto, mnene mmoja amechutama katikati. Mchezo ukianza wanakupa mgongo, wanapishana ndani ya lile rundo, kisha wanatoka watatu kila mmoja ameinama, amekumbatia tumbo lake. Mmoja ana mpira. Wawili wamekumbatia hewa. Utakapogundua kwamba uliyemwangusha hana kitu, mwenye nacho ameshasogea hatua tatu. Hatua tatu, hatua tatu, hatua nne, wanapewa manne mengine. Ni bomba linalovuja: hakuna tone linalomtisha mtu, ila asubuhi sakafu yote imelowa.

Dawa yake inajulikana, na ni chungu. Usiutafute mpira. Kila mlinzi apewe mtu wake, amwangushe mtu wake, awe na mpira asiwe nao, kisha ainuke, ajipanguse, arudie. Na mlinzi wa mwisho kwenye ule upande ambao rundo haliendi, huyo asitoke mahali pake hata kidogo. Awe bawabu. Kwa sababu itafika mara moja ambapo uwanja mzima utakimbilia kulia, na kijana wao anayeugawa mpira atachepuka kushoto peke yake, mpira kauficha pajani, anacheka. Bawabu anaweza kusimama mechi nzima akimngoja mtu huyo asije. Sasa hiyo ni kazi ya kumpa kijana wa miaka kumi na saba?

Delbert alimpa Dalton Pesek, kwa sababu hakuwa na mwingine. Dalton alikuwa na miguu mirefu kuliko wote, moyo mweupe, na subira ya mbwa aliyeona sungura. Nyumbani kwao wanafuga ng'ombe, na tangu anajifunza kutembea amekuwa akikimbiza kitu: ndama, matrekta, gari la aiskrimu. Waliokuwa na subira pale Hadley hawakuwa na miguu, na mwenye miguu hakuwa na subira. Mungu naye ana mzaha wake.

Jumatatu jioni vijana wa akiba walijifanya Saint Wendel. Wakajibana, wakapishana, wakatoka kwa kulia. Dalton aliyewekwa kushoto alikatiza uwanja mbio akaenda kuruka juu ya rundo ambalo tayari lilikuwa na watu saba.

"Dalton!" Delbert alipiga kelele. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwenye mpira, Kocha."

"Nilikuambia ukae wapi?"

"Hapa."

"Na mpira ulikuwa wapi?"

"Kule."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikaenda kule."

Delbert alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo, akaivaa tena. "Rudia."

Wakarudia. Dalton akaenda kule. Wakarudia tena. Safari hii alikaa, akakaa, ungemwona anavyotetemeka kwa kukaa, kisha akaenda kule.

"Macho hayana pazia, Kocha," alisema akihema, nyasi zimemjaa kinywani. "Nikiuona, miguu inaondoka yenyewe."

Tumtendee haki kijana. Tangu Agosti Delbert huyohuyo alikuwa akiwafundisha kuukimbilia mpira, maana timu nyingine zote huzuiwa hivyo, na anayefika wa mwisho kwenye mpira alikuwa akitukanwa. Kisha inakuja wiki moja ya Saint Wendel na kila kitu kinapinduliwa juu chini. Ndivyo walivyotushinda miaka yote: hawajui zaidi ya wengine, ila wako peke yao, na mtu hujiandaa kwa kilicho kingi.

Lakini Jumatatu ile Delbert hakuwa na haki ya kumgawia mtu. Alimnyang'anya kijana wa akiba mpira. Akaenda kwenye mfuko mkubwa, akachukua na mingine yote, akaipeleka kwenye pikapu yake, akaitupa ndani, akafunga mlango kwa ufunguo na ufunguo akautia mfukoni.

"Haya," alisema. "Wiki hii hakuna mpira. Saint Wendel watapishana, watainama, watakumbatia tumbo, na hakuna atakayekuwa na kitu. Ninyi kila mtu na mtu wake. Mnaliona tairi lile?"

Waliliona. Lilikuwa tairi la trekta, limelazwa nyuma ya nguzo za goli tangu enzi za baba zao.

"Atakayekimbiza asichotumwa, atalipindua tairi lile kutoka nguzoni mpaka kwenye ubao wa matokeo. Awe yeyote."

"Hata wewe, Kocha?" aliuliza Dalton, bila ubaya wowote, alikuwa anataka kujua tu.

"Hata mimi. Ila mimi nimezeeka, sikimbizi kitu."

Hadley ni mji mdogo. Kufika Jumanne asubuhi habari ilikuwa imeshatembea, kwamba Hruska maji yamemfika shingoni, anafundisha mpira bila mpira. Marlys alimwekea kikombe kitupu mbele yake.

"Nini hii?"

"Kahawa bila kahawa," alisema Marlys. "Nimesikia ndiyo mtindo."

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Norris alimwambia asijali, akaongeza kwamba ngano nayo ingevunwa hivyo hivyo, bila ngano, angepumzisha mgongo. Hata Brandt, kocha mkuu, kijana mpole aliyehamia kwetu juzijuzi, alimpigia simu mchana huku Delbert yuko juu ya mtambo katikati ya shamba la watu.

"Del, wazazi wananiuliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza kama uko sawa."

"Waambie siko sawa," alisema Delbert, akakata simu.

Na mazoezini mambo hayakuwa na nafuu. Jumatano vijana wa akiba walitoka kwa kulia wakipiga ukelele wa uongo kama wa Saint Wendel, na Dalton akaondoka mahali pake mbio.

"Unamkimbiza nani?" Delbert alimfuata nyuma, goti lake bovu likilia. "Unamkimbiza nani, mpira haupo!"

"Nilidhani wanao!"

"Mpira uko ndani ya gari langu! Ufunguo ninao mimi! Niliutia mfukoni mbele yako!"

"Walipiga kelele kama wanao, Kocha!"

Dalton alilipindua tairi. Alikuwa amelipindua mara nyingi sana wiki ile hata njia yake ilionekana kwenye nyasi, mistari ya udongo kutoka nguzoni mpaka ubaoni. Hakunung'unika. Hilo ndilo lililomuumiza Delbert kuliko yote, kwamba kijana alitaka kwa moyo wake wote na hakuweza.

Alhamisi jioni alichezea chakula. Mkewe Arlene alimwangalia anavyozipanga njegere pembeni mwa sahani, kulia sita, kushoto moja.

"Hiyo moja ni Dalton?" aliuliza.

"Ni Dalton."

Arlene alichukua uma wake akaila.

"Arlene!"

"Nimechoka, Delbert. Tangu tumeoana, kila Oktoba nakula na Leonard Tegtmeier mezani. Hebu niambie kitu kimoja. Wewe ukiwa pale pembeni, unatazama nini?"

"Natazama kila kitu."

"Kila kitu," alisema Arlene, akaondoa sahani.

Ijumaa mechi ilipigwa saa tisa mchana, jambo ambalo huku kwetu ni la ajabu, kwa sababu taa za uwanja zilikufa kwa mvua ya mawe ya Agosti na hakuna aliyeona maana ya kuzitengeneza kwa shule inayofungwa. Watu waliacha mahindi shambani. Waliokuwa Hadley na waliohama Hadley wote walikuja, wakajaa kwenye viti vya mbao na juu ya magari ukingoni, na akina mama wa shule wakawauzia mchuzi wa maharage na nyama wenye pilipili, na andazi la mdalasini kando, kama ilivyo ada. Mzee Tegtmeier alikuwa upande wa pili, mikono mfukoni, mtu anayengoja basi analojua litakuja.

Wakaanza. Hatua tatu. Hatua mbili. Delbert alishika kofia. Hatua moja. Jaribio la nne, mnene wao alitoka katikati, na vijana watatu wa Hadley wakamwangusha kila mmoja mtu wake, na mmoja wa walioangushwa kwa bahati alikuwa na mpira. Saint Wendel wakalazimika kuuachia. Watu wetu walichelewa kushangilia. Walikuwa hawajazoea.

Ikaendelea hivyo, mchezo wa kuchosha kuutazama, rundo juu ya rundo. Wakapata wao, tukapata sisi. Mapumziko yalipofika Dalton alimjia Delbert jezi yake ikiwa nyeupe pepe.

"Kocha, sijamgusa mtu tangu tumeanza. Bado nanukia sabuni."

"Vizuri."

"Mama amenipiga picha nimesimama tu."

"Vizuri zaidi."

"Kocha, na kama hawaji kabisa?"

"Basi utakuwa umesimama," alisema Delbert, na moyoni alimhurumia, akamtukana kidogo ili huruma isionekane.

Kipindi cha pili kikaenda, jua likashuka upande wa maghala ya nafaka. Tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Zilibaki sekunde za jaribio moja tu, na Saint Wendel walikuwa hatua sita kutoka kwenye mstari wetu wa mwisho. Wakiuvuka, wameshinda, na imekwisha milele. Mji wote ulisimama. Delbert alikuwa anaongea peke yake. "Kila mtu na mtu wake," alikuwa anasema, "kila mtu na mtu wake, kila mtu na mtu wake."

Wakajibana. Wakageuka migongo. Rundo likachemka, likaelekea kulia, na kutoka humo akachomoka mnene wao, ameinama, amekumbatia tumbo kwa mikono yote miwili, kichwa chini, vumbi nyuma. Alipita kati ya watu wetu wawili. Delbert alimwona anavyouvuka mstari. Alimwona vizuri, macho yake hayakubanduka kwake tangu mwanzo hadi mwisho. Akavua kofia, akaibamiza chini, akaupa uwanja mgongo na kuchutama kwa lile goti lake bovu, viganja usoni. Tena. Baada ya yote, tena.

Kelele zilipopanda alidhani ni za Saint Wendel. Zikazidi. Kisha akasikia jina, watu wanaliimba, na halikuwa la mtu wa Saint Wendel.

Aligeuka. Kule kushoto, mbali na kila mtu, Dalton Pesek alikuwa amelala juu ya yule kijana wao anayeugawa mpira, na mpira ulikuwa chini ya wote wawili, hatua mbili kabla ya mstari wetu. Yule mnene alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari amekumbatia hewa. Mwamuzi alipuliza filimbi. Hadley walikuwa wameshinda.

Dalton alikuja mbio, jezi imegeuka kijani kwa nyasi, meno yote nje. "Kocha! Nilikaa! Uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu," alisema Delbert.

"Alinipiga chenga, nikaanza kwenda, nikarudi! Uliona niliporudi?"

"Niliona."

Mzee Tegtmeier alikuwa amevuka uwanja kuja kutoa mkono. Aliutoa, akaushika wa Delbert kwa muda mrefu, mbele ya vijana wote.

"Mchezo ule nimeuficha tangu Septemba, Hruska," alisema. "Nikajua utawaangusha wote. Kumbe leo sikumdanganya kijana wako hata mmoja." Akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Nimemdanganya kocha tu. Nilikuona ulivyogeuka."

Vijana wote waligeuka. Wakamtazama Delbert. Dalton alimtazama kuliko wote, na tabasamu lake lilipungua, kwa sababu jambo lile alikuwa amelifanya kwa ajili ya macho ya mtu mmoja.

"Kocha, hukuona?"

Delbert Hruska angeweza kusema jua lilimwingia machoni, na wangemkubalia. Nyuma ya waya Arlene alikuwa amesimama na kikombe cha mchuzi wa maharage.

"Kila kitu, eh?" alisema Arlene.

"Sikuona," alisema Delbert. "Niliukimbiza mpira. Na wala haukuwa mpira." Na hapo hasira yake yote ya wiki, ya miaka, ikapanda na kukosa pa kwenda. "Mara moja! Mara moja maishani mwangu, nimefundisha, nimekesha, nimechekwa mji mzima, na ilipotokea nilikuwa natazama viganja vyangu!"

"Nyani haoni kundule," alisema mtu kutoka kwenye viti, sauti ilikuwa ya Norris.

Kisha kijana mmoja nyuma, sijui nani, akaanza taratibu, "Tairi." Wengine wakaitikia. "Tairi! Tairi!" Viti navyo vikaitikia, mwoka mikate, mchungaji, hata Brandt mpole, hata Saint Wendel waliokuwa wamefungwa na hawakuwa na sababu ya kufurahi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Delbert aliokota kofia yake, akaivaa, akaenda nyuma ya nguzo.

Tairi la trekta ni zito. Alilipindua mara ya kwanza akaguna, na mji ukashangilia kuliko ulivyoshangilia ushindi. Dalton alikuwa anatembea kando yake. Hakumsaidia, maana sheria ni sheria, ila hakumwacha pia.

"Hebu nieleze," alisema Delbert, mikono chini ya mpira wa tairi. "Tangu mwanzo."

"Nimeshakueleza, Kocha."

"Nieleze tena."

Dalton alivuta pumzi ndefu, kama Delbert alivyokuwa akivuta wiki nzima. "Walitoka kwa kulia."

Tairi likaanguka, puu.

"Kelele zikaanza. Watu wote wakaenda kule."

Puu.

"Na miguu ikataka kwenda. Ikataka sana, Kocha."

Ubao wa matokeo ulikuwa bado mbali. Delbert alisimama kidogo, mkono kwenye goti, jasho linamtiririka kwenye ndevu, na macho safari hii hayakwenda popote ila kwa kijana.

"Kisha?"

"Kisha hakuna," alisema Dalton. "Nilikaa."